Marehemu wa Barazani kwa Vernell

Doyle Satterfield alipunguza mwendo wa gari la kaunti mbele ya nyumba ya Vernell Mabry kama alivyofanya kila jioni, na kama kila jioni alimwona baba yake amekaa barazani pale, bakuli mapajani, anamenya maharage mabichi. Kofia yake pana ameiweka sakafuni karibu na kiatu. Vernell alikuwa kwenye kiti cha pili na bakuli lake. Hawakuwa wakiongea. Ganda moja lilidondoka, mzee akainama akaliokota. Huyu ni Mzee Burl Satterfield, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kuokota hata soksi yake mwenyewe. Ilikuwa miaka sita tangu afe.

Doyle akakanyaga mafuta akapita. Wivu ukampanda, akasema "Ya nini sasa?" peke yake ndani ya gari, kisha akawasha redio.

Katika Kaunti ya Harbin, kule kaskazini mwa Alabama, wafu hurudi jioni. Jua likishafika kwenye vilele vya misonobari huja wakakaa barazani kwa watu wao, na taa za ndani zikiwashwa huondoka. Ilianza lini, hakuna ajuaye, na hakuna aliyeona haja ya kuchunguza. Kila nyumba ina kiti cha ziada. Jumapili ya kupamba makaburi, watu wakishashiba kuku na pai ya pichi pale uwanjani kwa kanisa, hurudi nyumbani wakavipaka viti hivyo rangi upya.

Adabu zake si nyingi. Mfu humnyimi chai. Humshiki mkono. Na humuulizi alikufaje, wala alifanya nini alipokuwa hai. Hiyo ni sawa na kumvua nguo mgeni wako. Si kwamba hatajibu. Mfu akiulizwa hujibu, tena kweli tupu, ila swali akishalijibu mara moja hatalijibu tena hata umpigie magoti. Kwa hiyo watu wa Harbin swali la mfu hawalichezei. Na jambo jingine: mlango uliofungwa kwa ufunguo, mfu hapiti.

Doyle alikuwa amemchongea baba yake kiti. Majira ya baridi baada ya mazishi alikaa bandani na randa na msumeno, akatoa kiti cha kubembea cha mwaloni, mikono yake mipana kama mzee alivyopenda, akakiweka upande wa baraza usiopigwa na upepo. Hadi leo waliokikalia ni paka, na Shangazi Opal. Shangazi Opal alikuwa marehemu wa upande wa mke wake, Charlene. Alikuwa na kiti chake mwenyewe, lakini alisema hiki cha mwaloni kinauonea huruma mgongo.

"Shangazi, hicho ni cha baba," Doyle alikuwa akimwambia.

"Akija nitampisha," Shangazi Opal alikuwa akijibu, na kuendelea kubembea.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Doyle alikonda mpaka akalazimika kutoboa tundu jingine kwenye mkanda wa bastola. Alikuwa mtu mzima, msaidizi mkuu wa sherifu, anaheshimika, ana nyumba ya matofali. Lakini kila jioni alihesabu mambo ambayo baba yake hakuwahi kumfanyia. Hakuwahi kukaa naye bila kumtuma kitu. Hakuwahi kumwambia kazi yake ni nzuri. Na sasa amekufa, ana jioni zote za duniani, na anazipeleka kwa mwanamke wa ng'ambo ya reli, anamenyea maharage. Ana nini Vernell Mabry? Doyle alijiuliza hivyo mpaka usingizini.

Mwaka ule sherifu aliyekuwepo akatangaza kustaafu. Huyo bwana alikuwa ameishi miaka yake yote ya usherifu kwenye nyumba ya ziwani, kaunti nyingine kabisa, na hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Kila mtu alijua kwamba kiti ni cha Doyle. Walishaanza kumwita Sherifu dukani, kwa utani wa kumzoesha.

Ndipo Vernell akachukua fomu. Alikuwa polisi wa jeshi ujana wake wote, kisha polisi mjini Birmingham, halafu akarudi kwao kuzeekea. Watu weusi wa Harbin wanakaa ng'ambo ya reli, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuutaka usherifu. Siku ya chakula cha kanisa alisimama kando ya meza ya samaki wa kukaanga akasema anachokitaka bila kuzunguka.

"Wezi nitawakamata na walevi nitawarudisha kwao," alisema. "Ila msije mkasema niliwaficha. Mimi nautaka ufunguo wa seli ya nyuma. Nataka kumtoa mdogo wangu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa haki yake kuutaka.

Mdogo wake aliitwa Lucious. Alikamatwa akiwa na miaka kumi na tisa, jioni moja ya joto, kwenye kituo cha mafuta, na Sherifu Burl Satterfield mwenyewe. Asubuhi alikuwa maiti. Ikasemwa kwamba alijinyonga kwa mkanda wake, na Mzee Burl akaifunga ile seli kwa ufunguo na haikufunguliwa tena. Mwili ulitolewa na kuzikwa; ila Lucious, jioni zake zilipoanza, alianzia pale pale alipokatikia, kama mfu yeyote aanzavyo, na mlango ulikuwa umefungwa. Sheria ya Harbin inampa ufunguo wa seli sherifu peke yake. Wazazi wa Lucious waliuomba mpaka wakafa. Jibu likawa kwamba faili limefungwa na seli imefungwa, na vitu viwili vilivyofungwa ni bora viachwe hivyo.

Hakuna aliyemtendea Lucious vibaya baada ya hapo. Mbele ya seli yake paliwekwa meza ya kahawa, kwa kuwa soketi ilikuwa pale, na walinzi wa zamu ya jioni walimsalimia kila mmoja.

"Jioni njema, Lucious."

"Jioni njema," alijibu, amekaa kwenye kitanda cha chuma, mikono magotini. Doyle alikuwa amemsalimia hivyo tangu alipoajiriwa. Mwanzo walikuwa karibu rika moja. Sasa Doyle alikuwa na mvi na Lucious bado ndevu zilikuwa hazijamkolea.

Wakili wa Doyle aliitwa Teague. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vyakula vya mifugo na kila kitu ndani yake kilinukia pumba.

"Tumwekee pingamizi, jina lake litoke kwenye karatasi ya kura," Teague alisema. "Nyumba yake iko juu ya mpaka. Nimempeleka mpimaji. Mstari unapita katikati ya jiko. Anapika Harbin, analala Kaunti ya Tull. Mgombea usherifu lazima awe mkazi wa Harbin."

"Basi imekwisha."

"Haijakwisha, bwana wewe. Unajua sheria yetu. Kitanda hakiangaliwi."

Doyle aliijua. Zamani watu wa Harbin walikuwa wakienda kulala karibu na viwanda vya nguo, kaunti za jirani, mahakama ikashindwa kujua nani ni wa wapi. Jaji mmoja akaamua kwamba kitanda huongopa lakini wafu hawaongopi: mtu ni mkazi wa pale ambapo mfu huja kumkalia barazani. Uamuzi huo haukutenguliwa mpaka leo.

"Baraza lake liko Harbin," Teague akasema. "Sasa pale barazani anakaa nani? Wazazi wake?"

"Wale wanakaa kwa binti yao mwingine, kule Georgia."

"Nani basi?"

Doyle alitazama viatu vyake.

"Sijakusikia, Doyle."

"Baba yangu."

Teague alinywa kahawa yake taratibu mpaka akaona kitako cha kikombe. "Mzee Burl? Kwa Vernell Mabry?"

"Kila siku ya Mungu."

"Haya. Basi tutasema mfu ana wenyewe. Ng'ombe akienda kulala zizini kwa jirani, jirani hajawa na ng'ombe."

"Usimwite baba yangu ng'ombe."

"Ni mfano tu. Unataka kushinda au hutaki?"

Doyle alitaka. Lakini aliporudi nyumbani na kumweleza Charlene, hakueleza habari ya usherifu hata kidogo. Alieleza kwamba sasa mahakama itatamka, kwa mhuri, kwamba Mzee Burl ni marehemu wake yeye. Charlene alikuwa anakaanga bamia. Akapunguza moto.

"Doyle, wewe hugombei kazi. Wewe unamgombea baba."

"Kuna ubaya gani?"

"Sijasema kuna ubaya. Nasema ujue unachokifanya."

Shangazi Opal alikuwa akisikiliza kutoka barazani, dirisha liko wazi. "Burl hakumpenda mtu akiwa na damu mwilini," alisema. "Ataanzia wapi sasa?"

Doyle akafunga dirisha, jambo ambalo kwa mfu ni utovu wa adabu, na Charlene alimkumbusha hivyo.

Kesi ilisikilizwa jioni, kama kesi zote zinazohitaji wafu. Ukumbi ulijaa. Mapangaboi yalikuwa yakizunguka darini, na marehemu mama mzazi wa Jaji Pruitt alikuwa kwenye kiti cha mwisho na nyuzi zake anafuma, maana huwa anamfuata mwanawe popote. Vernell alikaa peke yake mezani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na mkoba mkubwa mweusi uko mbele yake. Doyle alimtazama shingo, mabega, mikono, akitafuta kile alichokiona baba yake, asikipate, na wivu ukazidi.

Mzee Burl aliingia jua lilipogusa misonobari. Akavua kofia. Akapita katikati ya watu, akafika kwenye meza ya mwanawe, akaendelea, akaenda kukaa nyuma ya Vernell. Doyle alihisi uso unamchoma mbele ya kaunti nzima.

Teague akaanza kwa kumhoji Vernell.

"Huyu mzee ulimwalika wewe?"

"Hapana. Alikuja mwenyewe jioni ya mazishi yake. Alisimama kwenye ngazi. Nikamuuliza kama atakunywa chai."

"Ni ndugu yako?"

"Mungu apishe mbali."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima.

"Mnazungumza nini, jioni zote hizo?"

"Maharage. Mvua. Kama kuna mvua."

"Kwa hiyo huna undugu naye, huna mazungumzo naye, na mwenye naye amekaa hapa, mwanawe wa kumzaa, amemchongea mpaka kiti. Na bado unataka mahakama ikubali kwamba ni marehemu wako?"

"Sijasema ni wangu," Vernell alisema. "Nimesema anakaa kwangu. Sheria inauliza anakaa wapi. Ingetaka kujua ni wa nani ingeuliza hivyo. Harbin kuna watu wengi wanakaliwa na wafu wasio wao. Bi Hattie pale anakaliwa na mwuza mashine za kushonea ambaye hata jina hamjui."

Bi Hattie aliitikia kwa kichwa kutoka safu ya tatu.

Jaji Pruitt aliandika kitu. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, na hoja ilimwingia. Alisema kwamba anavyoielewa sheria, mfu akija mwenyewe kwa hiari yake, akakaa, akanywa chai, basi nyumba hiyo ina mfu na mwenye nyumba ni mkazi. Alisema hivyo akimtazama Teague kwa namna ya kumpa pole. Teague akaanza kukusanya karatasi. Kila mtu aliona kwamba jina la Vernell litabaki.

Vernell alifumba macho kidogo akashusha pumzi. Mikono yake ilikuwa imeushika mkoba kwa nguvu, na sasa ikalegea.

Hapo Doyle akasimama.

"Baba," alisema.

Teague akamvuta koti. Doyle akamtoa mkono kama anavyotolewa nzi. Sauti yake haikuwa ya msaidizi mkuu wa sherifu. Ilikuwa ya mtoto aliyeachwa getini.

"Baba, kwa nini kwake? Mimi nimekuchongea kiti. Nimeingia kazi yako, nimeoa kanisani kwako, nimekuzika vizuri. Kwa nini unakwenda kwake na kwangu huji?"

Vernell aliruka kutoka kitini. "Usimjibu," alimwambia mzee. "Mzee Burl, nakuomba, usimjibu huyu. Ngoja."

Lakini mfu akishaulizwa ameshaulizwa. Mzee Burl alisimama, kofia kifuani, akasema kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea matangazo ya barabara zilizofungwa.

"Kwa sababu nilimuua mdogo wake. Alinijibu jeuri pale kituo cha mafuta na watu wakasikia. Nikampeleka seli ya nyuma nikampiga kwa kurunzi mpaka akanyamaza. Mkanda nilimfunga baadaye. Huwa nakwenda kwake kungoja aniulize, na hajaniuliza. Kwako siendi, Doyle, kwa sababu kwako sidaiwi kitu."

Akakaa.

Ukumbini hakuna aliyeshtuka. Mtu mmoja alikohoa. Wazee waliokuwa walinzi enzi za Burl walitazama mapangaboi. Mama wa jaji alifika mwisho wa safu akageuza ufumaji. Lisemwalo lipo, na hili lilikuwa limesemwa jikoni za ng'ambo ya reli kwa miaka zaidi ya thelathini. Tofauti ni kwamba sasa limesemwa na mwenyewe.

Na Doyle, maskini ya Mungu, katika maneno yote yale alisikia ya mwisho tu. Kwako sidaiwi kitu. Alikaa chini polepole.

"Mheshimiwa," Vernell alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka na hakujaribu kuituliza. "Nimelitunza swali hilo miaka sita. Nimemlisha huyu mtu maharage miaka sita, nimemwangalia ile mikono yake kila jioni, nikauma meno, kwa sababu nilitaka kumuuliza nikiwa sherifu. Mfu akijibu mbele ya sherifu, ofisini, jibu linaandikwa na linakuwa ushahidi. Akimjibu mwana mwenye wivu, linakuwa maneno tu. Sasa limeshajibiwa. Hatalijibu tena. Na mdogo wangu siwezi kumvua nguo kwa swali hilo. Naomba mahakama iliandike, kama lilivyosemwa."

Jaji Pruitt alivua miwani akaifuta. Alisema anasikitika. Alisema shauri lililo mbele yake ni la karatasi ya kura, na katika shauri la kura ushahidi wa mfu hupokelewa kwa habari ya makazi peke yake. Habari nyingine mahakama imeisikia kwa masikio ya kawaida na haina pa kuiweka.

Teague hakuwa mjinga. Alikuwa ameshasimama.

"Kwa habari ya makazi basi, Mheshimiwa. Shahidi amesema mwenyewe kwamba pale hakwenda kutembea. Alikwenda kwa sababu anadaiwa. Mdaiwa anayekaa mlangoni kwa mtu hajawa mgeni wa nyumba, wala hakwenda kwa hiari. Mtoe yeye, na baraza la mama huyu ni tupu. Hana mfu. Akiwa hana mfu, inabaki kitanda, na kitanda kiko Tull."

Jaji alifikiri. Mapangaboi yakazunguka. Halafu akasema, kwa masikitiko, kwamba hoja imesimama. Kama Burl Satterfield angekuwa amekwenda kwa mapenzi, Vernell Mabry angekuwa mkazi wa Harbin. Kwa kuwa alikwenda kwa sababu alimuua ndugu yake, Vernell Mabry si mkazi. Jina liondolewe.

"Pole sana kwa habari ya mdogo wako," aliongeza.

"Ahsante," Vernell alisema. Akachukua mkoba wake.

Mlangoni alikutana na Doyle. Watu waliwapisha nafasi, wakidhani labda kutakuwa na maneno. Vernell alimtazama.

"Ulidhani ananipenda," alisema.

Doyle akajisogeza apite.

"Doyle. Ungeniuliza mimi. Mimi ningekwambia bure."

Uchaguzi ulifanyika. Kwenye karatasi ya kura, nafasi ya sherifu ilikuwa na jina moja, na Doyle alishinda. Akaapishwa, akavishwa beji, kukawa na keki yenye nyota ya sukari. Sherifu wa zamani akampa shada la funguo akamwonyesha upi ni upi, akaenda zake ziwani. Charlene aliandaa chakula cha jioni cha heshima na Doyle akakifagia kiti cha mwaloni, akamwomba Shangazi Opal akae kwenye kiti chake kwa leo. Mzee alikuwa ameshajibu swali. Hakuna tena cha kungojea kule ng'ambo ya reli. Doyle alisimama barazani na beji yake mpaka taa zikawashwa.

Hakuja.

Alikuwa ameandamana na Vernell. Maana Vernell hakukaa tena barazani kwake. Alisema kama nyumba yake haina mfu anayehesabika, atakwenda alipo wa kwake. Zamani alikuwa akienda kumwona Lucious Jumapili tu, tena kwa dakika chache, kwa kuwa barazani alikuwa na mgeni. Sasa alipakia viti viwili na mabakuli mawili kwenye pikapu, akaenda nyuma ya jela, akavipanga kwenye nyasi mbele ya kidirisha cha seli. Nyasi zile ni za kaunti na mtu yeyote anaruhusiwa kukaa. Lucious alisimama kwenye kitanda cha chuma, uso kwenye vyuma vya kidirisha. Mzee Burl alikaa kwenye kiti cha pili akamenya maharage.

Ofisi ya sherifu iko kwenye jengo hilo hilo, upande wa pili wa nyasi hizo. Dirisha lake linatazama nyasi. Jioni ya kwanza Doyle alipoinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, aliuona mgongo wa baba yake, karibu kiasi kwamba angeweza kumrushia kalamu.

Alitoka nje.

"Baba, umeshajibu. Yamekwisha. Twende nyumbani."

Mzee Burl hakugeuka. "Mfungulie kijana," alisema.

"Nikimfungulia utakuja kwangu?"

Vernell aliacha kumenya. Alijua, kama alivyojua kila mtu, kwamba mfu lazima ajibu kweli, na alimtazama mzee kana kwamba kwa mara moja angemwomba aongope.

"Hapana," Mzee Burl alisema. "Ukimfungulia tutaondoka naye mpaka kwao. Nikishamfikisha, naona nitapumzika. Sitakuja tena popote."

"Popote?"

"Popote."

Doyle alibaki amesimama na mikono yake mitupu. Kutoka kwenye kidirisha Lucious alimwangalia, si kwa hasira wala kwa kuomba. Alikuwa ameshika vyuma kama mtu anayesubiri basi ambalo huenda likaja.

"Doyle," Vernell alisema. Alikuwa amesimama, na sauti aliyoitumia ni ya mtu kuongea na mgonjwa. "Fungua tu. Sitamwambia mtu. Sitakwenda gazetini, sitakwenda popote. Uchaguzi ujao sitachukua fomu. Ufunguo unao hapo kiunoni. Sekunde moja, baba. Sekunde moja tu."

"Nitaangalia," Doyle alisema.

Akaingia ndani. Alipita ukumbi mrefu mpaka kwenye meza ya kahawa. Lucious alikuwa ameshashuka kitandani amesimama mlangoni, shati lake limechomekwa vizuri, nywele amezilaza kwa viganja.

"Jioni njema, Lucious."

"Jioni njema, Sherifu."

Doyle alishika shada la funguo. Alikuwa mtu wa kawaida na si mkatili, na aliona waziwazi lililo sawa. Aliona pia kwamba mlango huu ukifunguka, wote watatu wataondoka pamoja: dada na mdogo wake na mzee, bega kwa bega, wakivuka reli. Wataondoka kama familia. Na yeye atabaki na kiti cha mwaloni na Shangazi Opal. Macho yakamlowa kwa wivu. Hata Lucious, mfu, alikuwa na mtu wa kumfuata mpaka nyumbani.

Akajimiminia kahawa, akatia sukari, akakoroga. Lucious akaendelea kusimama. Halafu Doyle akarudi ofisini.

Aliisukuma meza yake ya kazi mpaka ikageukia dirisha. Ilikuwa nzito na ilikwaruza sakafu, na mlinzi wa zamu akaja kuuliza kama anahitaji msaada, akasema hapana. Akakaa. Nje, jioni ilikuwa shwari. Baba yake alikuwa anamenya maharage. Kila alipoinama kuokota ganda, shati lilimkaza mgongoni na Doyle aliweza kuona mshono wa bega ambao Charlene aliushona siku ya mazishi. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa na baba yake karibu hivi, kwa muda mrefu hivi, bila kutumwa kitu.

Siku ya pili walikuja tena, na ya tatu. Harbin ikazoea. Mkata nyasi wa kaunti alikuwa akiruka kile kipande chenye miguu ya viti. Walinzi wakipita walisema jioni njema, Bi Vernell, jioni njema, Mzee Burl, na kuinua mkono kuelekea kidirishani. Vernell alipeleka ombi la ufunguo kwa maandishi kila mwanzo wa mwezi, na Sherifu Satterfield alimjibu kwa heshima kila mara kwamba analiangalia.

Simu ilipolia jioni moja, alikuwa Charlene, anauliza kama chakula kisubiri au akifunike.

"Kifunike," Doyle alisema. Alisogeza kiti karibu zaidi na kioo. "Nitachelewa kidogo. Niko na baba."